Namba za Mzee Egidi

Siku Lukresia alipoiogesha saa ya marehemu kaka yake, hakuna aliyemwambia kwamba anakosea. Baba yake mdogo, Joakim, ndiye aliyesimamia kazi. Alikaa kwenye kigoda uani kwao Mkumbi. Nyuma yake nguo za Sixbert zilining'inia kambani, zimefuliwa, bado zinachuruzika. Mbele yake kulikuwa na ungo wenye vitu visivyofulika: mkanda, viatu vya ngozi, miwani, na ile saa janja nyeusi.

"Kitu cha marehemu hakivaliwi na jasho lake," alisema Joakim. "Viatu vimepigwa dawa. Mkanda umefutwa. Hii nayo?"

"Hii ni ya umeme, baba mdogo. Haifuliwi."

"Kila kitu kina namna yake ya kuoga. Si wewe unayeshinda kwenye kompyuta huko mjini? Iogeshe."

Saa ile ilikuwa imefungamana na simu ya Sixbert, na simu ilisagika siku Sixbert alipoanguka na pikipiki kwenye kona za kushukia Mbamba Bay. Mrithi wa jina alikuwa Adrian, kijana wa Joakim, na saa isingekubali simu ya Adrian mpaka ifutwe yote iliyokuwa nayo. Lukresia aliingia kwenye mipangilio akabonyeza. Saa ikamuuliza kama ana uhakika. Akakubali. Ikamuuliza tena, akakubali tena. Ikazima, ikakaa giza kwa muda, kisha ikawaka na ua jekundu linalofunguka, na majira yameandikwa kwa tarakimu nyembamba za kiwandani.

"Sasa imeoga," Joakim alisema, ameridhika.

Mama Tadea alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. Aliichukua saa, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaigeuza.

"Namba za baba yenu ziko wapi?" aliuliza.

Hapo ndipo Lukresia alipojua alichokifanya.

Mzee Egidi, baba yao, alikuwa mwandika magunia wa chama cha msingi kwa miaka ishirini na minane. Kahawa ikishapimwa na gunia likishashonwa mdomo, yeye ndiye aliyechovya brashi kwenye kopo la rangi nyeusi akaandika ubavuni namba ya gunia na uzito wake. Vyama vingine vilipaka rangi juu ya kibao kilichotobolewa namba. Mzee Egidi alisema kibao ni cha mtu asiyejua kuandika. Namba zake zilinenepa chini na kukonda juu, na mwisho wa kila moja brashi ilikwaruza katani ikaacha mistari myembamba kama nywele. Wapakiaji wa kiwandani mjini walikuwa wakiliona gunia wanasema hili la Mkumbi, kabla hawajasoma kitu.

Alipofariki hakuacha daftari wala barua. Kazi yake yote ilikuwa imepakiwa kwenye malori na kwenda zake. Kilichobaki nyumbani ni gunia moja alilojaribia brashi mpya, ameandika moja mpaka tisa, na sifuri, kisha akalitupa stoo. Sixbert alilikuta huko, akalipiga picha kwa simu, akakata namba moja moja, akazipanga zikawa sura ya saa yake. Gunia lenyewe liliishia kwenye banda la nguruwe mwaka uleule, maana nani alijua lina kazi nyingine? Picha ilibaki kwenye simu, na simu ndiyo hiyo iliyosagika. Tangu hapo, kila Sixbert alipokuja likizo, mama yao alimshika mkono akaugeuza, akatazama kwa muda mrefu, na ukimuuliza ni saa ngapi, hajui.

Sasa alimrudishia Lukresia saa, taratibu, kama anamrudishia mtu kikombe chake.

"Zirudishe," alisema. "Jumamosi ya wiki ijayo tunamaliza matanga. Nataka nizione kabla Adrian hajaivaa."

Hakugomba. Ilikuwa Alhamisi, siku tisa kabla.

Lukresia aliona bado kuna njia. Krismasi iliyopita Sixbert alimwambia, huku anakata nyama, kwamba ile sura ya saa ameitupia mtandaoni, na sasa dunia nzima inaweza kuvaa namba za mzee. Kuna ghala kubwa la violezo huko. Watu wanaochora sura za saa, wa nchi zote, wanaziweka humo, na mwenye saa anaingia anachukua anayoipenda. Zimepita laki nne, kwa hiyo hakuna anayezipekua moja moja. Kuna chombo cha kutafutia. Unaandika neno, unachagua rangi, unachagua duara au mraba, nacho kinakuletea sura ishirini ishirini, zilizochukuliwa na watu wengi zikitangulia.

Siku ya Ijumaa, kwenye steshenari ya Vitalis alikofanya kazi, karibu na soko la Mbinga, Lukresia alikifungua chombo hicho kwa mara ya kwanza, akapumua. Kutafuta ilikuwa kazi yake. Kutwa nzima aliwatafutia watu matokeo ya mitihani, fomu za mikopo ya chuo, nafasi za kazi. Akaandika: Sixbert. Hakuna kilichopatikana; chombo kilisoma maneno ya sura, si majina ya wachoraji. Akaandika Egidi, akaandika Mkumbi, akaandika Mbinga. Hakuna. Akaandika gunia, kisha akaliandika kwa lugha za wenzetu, moja baada ya nyingine. Akaandika kahawa, na hapo chombo kikachangamka: vikombe vinavyofuka moshi, punje za kahawa zinazozunguka badala ya mishale, paka anayekunywa kahawa. Mia tatu na kitu. Alizitazama zote. Hakukuwa na hata moja iliyoonyesha kwamba kahawa hupimwa, hushonwa na kuandikwa kabla ya kufika kwenye kikombe.

Kufika Jumatatu alikuwa anatafuta katikati ya wateja. Vitalis, mwenye duka, alivuta kiti akakaa nyuma yake.

"Umefika uso wa ngapi?"

"Elfu moja na mia sita."

"Mimi ningeshaanza kutazama saa usingizini."

"Kaka Vitalis, kuna mteja pale."

"Anataka kopi ya kitambulisho. Atasubiri, hajafiwa." Alicheka, kisha akauona uso wa Lukresia, akainuka mwenyewe kwenda kutoa kopi.

Chombo kilikuwa na njia ya pili. Unakipa picha, kinakuletea sura zinazofanana nayo. Lukresia alikusanya picha zote za kaka yake zilizokuwa kwenye simu za ndugu. Sixbert kwenye kipaimara cha Adrian, ameshika chupa ya soda. Sixbert kwenye mahafali ya darasa la saba huko Liuli alikofundisha. Sixbert amesimama kwenye shamba la kahawa, amejishika kiuno, saa iko mbele kabisa, unaweza kuhesabu matundu ya mkanda wake. Picha ishirini na tatu, na katika zote saa ilikuwa nyeusi. Saa za namna ile hulala. Huwaka mwenyewe anapoinua mkono kuitazama, na mtu anayepigwa picha hatazami saa, anatazama watu.

Akakipa chombo ile picha ya shambani. Kikatafuta kwa muda, kikamletea sura nyeusi. Kurasa na kurasa za sura nyeusi, kila moja na mchoraji wake na jina lake.

Jumanne aliomba ruhusa akateremka Liuli. Kaka yake alikuwa amepanga nyumba moja na mwalimu mwenzake, Asnath, mama wa Kipare aliyehamishiwa ziwani miaka sita iliyopita, akalalamika mwaka mzima, kisha akanyamaza akajifunza kuanika usipa, dagaa wa huko. Lukresia alimkuta nje akiugeuza kwenye kichanja kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Lukresia. Pole tena. Kaa hapo, upepo usikuletee harufu."

Akakaa. Hakutaka kuzunguka. "Mwalimu, ile sura ya saa ya kaka, alipoiweka mtandaoni, aliipa jina gani?"

Asnath aliacha kugeuza. "Wewe umeitafuta kwa maneno gani?"

Lukresia akamtajia. Gunia, kahawa, baba, brashi, katani, mkono, Mkumbi.

"Basi umeitafuta kama dada yake," Asnath alisema. "Na mwanzo ungeipata. Mwanzo aliiita Namba za Magunia ya Baba, akaandika na maelezo, nani alikuwa mzee, alifanya kazi gani. Mimi ndiye niliyemsahihishia. Ikapita miezi miwili hakuna aliyeichukua. Hata mtu mmoja. Kila asubuhi anaingia ofisini, badala ya salamu anafungua simu. Tukawa tunamtania, mwalimu, wateja wamefika? Anasema wako njiani."

"Halafu?"

"Halafu akagundua kile chombo kina orodha. Kinakuonyesha watu wiki hii wanatafuta nini zaidi. Akafuta maneno yake, akaweka yale. Anasa. Dhahabu. Magari ya mashindano. Wiki ijayo orodha inabadilika, naye anabadilisha. Kuna wakati aliiita jina la katuni fulani ya watoto. Nikamwambia, Sixbert, baba yako na katuni wapi na wapi? Akasema, mwalimu, wakija kwa katuni watamkuta mzee."

Usipa uling'aa kwenye kichanja. Lukresia aliutazama huo, ili asimtazame Asnath.

"Mara ya mwisho aliiita nini?"

"Sijui, mdogo wangu. Nisikudanganye. Kufika Januari nilikuwa nimeacha kuuliza. Alikuwa anachekesha, baadaye akawa hachekeshi."

"Kuna aliyewahi kuichukua?"

"Mmoja. Alishinda siku nzima ana furaha, akanunua samaki mbasa tukala. Jioni akasema labda mtu amebonyeza kwa bahati mbaya."

Jumatano Lukresia aliacha maneno ya nyumbani, akaanza kutafuta kwa maneno ya watu asiowajua. Aliandika anasa. Sura elfu arobaini na moja. Akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kumi, na alipofika wa hamsini chombo kikasimama. Kilimwambia apunguze utafutaji wake. Alidhani mtandao umekatika, akarudia. Kikasimama palepale. Ndipo akaelewa kilivyotengenezwa: kwa kila neno kinaonyesha kurasa hamsini tu, na kinaanza na zile zilizopendwa. Sura iliyochukuliwa na mtu mmoja, tena labda kwa bahati mbaya, haiwezi kuonekana hata siku moja. Iko humo, haijafutwa, lakini iko nyuma ya elfu arobaini, na mlango umefungwa kwenye elfu moja.

Kulikuwa na upenyo mdogo. Ukiongeza rangi, hesabu inapungua. Ukiongeza umbo, inapungua tena. Anasa, nyeusi, duara. Anasa, kahawia, duara. Dhahabu, nyeusi, duara. Akachora jedwali kwenye karatasi, maneno upande mmoja, rangi upande mwingine, akawa anatia alama. Vitalis hakumtania tena. Alimletea chapati na chai, akawapokea wateja mwenyewe. Mara moja tu alisimama nyuma yake akasema, "Na kama aliandika neno ambalo hukuliandika?" Kisha akajutia, akaenda kupanga karatasi zilizokuwa zimepangwa.

Alhamisi yote. Ijumaa asubuhi.

Ijumaa saa sita mchana Lukresia alisimamisha kidole juu ya sura moja. Namba za brashi, nyeusi, juu ya kitambaa kigumu cha rangi ya udongo. Akaikuza. Tano yake ilikuwa na tumbo kubwa. Je, tano ya baba ilikuwa na tumbo? Akafumba macho aione. Ikaja tano, lakini ilikuwa ile ya mchoraji wa jana, yenye kofia iliyopinda. Akaifukuza, ikaja nyingine, ya juzi. Akajaribu nane. Zikaja nane kumi, zote nzuri, zimesimama foleni kama wanafunzi, na hakuna aliyekuwa wa kwao. Tangu utoto alikuwa ameziona namba zile, alijifunzia kuhesabu juu ya magunia yale akiwa ameyapanda. Na sasa ameona sura za saa elfu sita katika siku nane, na zote zimepita palepale alipokuwa amemweka baba yake.

Akafungua maelezo ya sura ile. Mchoraji hakuwa Sixbert. Alikuwa mtu wa nchi ya baridi, ana picha yake amevaa kofia ya sufu, na violezo mia mbili na kumi kwa jina lake.

Alikaa pale mpaka Vitalis akafunga nusu ya mlango. Kisha akaichukua sura hiyo akaiweka kwenye saa.

Jumamosi watu walijaa. Misa ilikwisha mapema, katekista akakaa kwenye kivuli cha nyumba akingoja sala ya mwisho, nguruwe alikuwa tayari kwenye sufuria na pombe ya mahindi kwenye ndoo zilizofunikwa. Joakim aligawa nguo, mmoja mmoja akiitwa na kusimama. Mwisho akaiinua saa.

"Shemeji," alimwambia Mama Tadea, "uliomba uione kwanza. Ona."

Mama Tadea aliipokea kwa mikono miwili. Kioo kikawaka. Hata watoto walisogea kutazama. Lukresia alikuwa amesimama kando ya sufuria, na moshi ulimpa sababu ya kufuta macho. Mama yake alitazama kwa muda mrefu, akaleta karibu, akapeleka mbali.

"Ndizo," alisema.

Wanawake wakapiga vigelegele. Adrian akapiga goti moja akafungwa saa mkononi, akaitwa Sixbert mara tatu, akaitika mara tatu. Matanga yakawa yamekwisha, watu wakala.

Kabla sahani hazijakusanywa Lukresia alimwona Adrian nyuma ya nyumba na binamu zake, vichwa vimeinamia mkono wake. Alikuwa ameshabadilisha. Kioo kilionyesha nembo ya timu yake, na majira yameandikwa kwa tarakimu zinazowaka kama taa za uwanjani.

"Ile ya wazee ilikuwa haisomeki vizuri, dada," alisema alipomwona. "Lakini ipo, sijaifuta. Nikitaka nairudisha."

"Ni saa yako," Lukresia alisema.

Jumapili, baada ya ibada, mama na binti walikwenda kuchuma kahawa. Matanga yalikuwa yamewachelewesha na punje nyekundu zilishaanza kudondoka zenyewe. Baridi ya Juni ilikuwa bado haijaondoka kwenye majani. Walichuma mti mmoja, huyu upande huu na yule upande ule, vikapu viunoni.

"Ile sura uliyoiweka," Mama Tadea alisema, "ni ya nani?"

Lukresia aliendelea kuchuma. Angeweza kusema ni ya kaka, na mama yake angenyamaza. "Sijui, mama. Ni ya mtu wa mbali."

"Nilijua. Aliyeandika zile namba alikuwa amekaa. Ana kiti, ana meza. Baba yako aliandika ameinama, gunia limelala chini, anarudi nyuma hatua moja kila namba. Hata akiandika moja tu, unaona mgongo wake humo."

"Kwa nini ulisema ndizo?"

"Watu walikuwa na njaa. Ningesema sizo, baba yako mdogo angesema matanga hayajaisha, tukae mwezi mwingine. Na wewe angekusema mbele za watu." Alimwaga kiganja cha punje kwenye kikapu. "Ndizo imetosha."

"Nitaendelea kuitafuta. Ipo, mama. Haijafutwa, imefunikwa tu. Nimebakiza maneno kama—"

"Usitafute."

Lukresia akavuta tawi jingine.

"Jana nimeitazama hiyo ya mtu wa mbali mara moja tu," mama yake alisema. "Alfajiri nimeamka nataka kuziona za baba yako, kama nilivyozoea, zikaja hizo. Mara moja tu nimeitazama. Ukiniletea ya pili na ya tatu, utaniondolea na nilizobaki nazo."

"Umebaki na zipi?"

Mama Tadea alisimama, mkono ukiwa juu ya tawi. "Saba naiona vizuri. Na mbili. Nne ilikuwepo mpaka majuzi." Akaendelea kuchuma. "Na wewe? Wewe kijana, una macho. Una ngapi?"

Lukresia alihesabu, kwa kuwa ameulizwa. Alianza na moja, ambayo ni mstari tu, na mtu yeyote anaweza kuiandika. Hata hiyo ilikuja na brashi ya mtu mwingine.

"Zote, mama," alisema.

"Basi zitunze," mama yake alisema, akahamia mti wa pili.